Njia Panda ya Kahe

Reli iliyotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji wa Moshi ukateremka mlimani kuifuata. Boma la utawala lilikuwa juu, katika nchi ya migomba, pale panapoitwa hadi leo Old Moshi. Stesheni ilijengwa chini, tambarare, kwa kuwa gari la moshi halipandi mahali ambapo mguu wa Mchagga hupanda bila kufikiri. Haukupita muda mrefu ila soko, ofisi na maduka vikawa vimeshuka. Jambo hili ni dogo katika historia, lakini si dogo katika maadili, maana chombo kilicholetwa kumtumikia mtu kilimfanya mtu ahame. Hesabu za mashirika ya reli huonyesha kilichobebwa na kilicholipwa. Hazionyeshi ni nani aliyehama ili mzigo upate kubebwa.

Swali linalopimwa hapa ni la kuungana. Watu wawili, au kampuni mbili, au nchi mbili, wanapochanganya mali zao ziwe moja, kila mmoja huleta kitu kinachohesabika: fedha, ardhi, mitambo, majengo. Pamoja na kuleta, kila mmoja huacha. Huacha uwezo wa kuishi peke yake. Je, hicho kilichoachwa ni mtaji unaostahili kuandikwa katika daftari la shirika, na kurudishwa siku shirika litakapovunjika? Au ni sadaka, ambayo aliyeitoa hana haki ya kuidai? Wanafalsafa wamelijadili swali la namna hii juu ya dola na raia wake. Lakini laweza pia kuulizwa katika kituo cha Kahe, kilomita kama 20 kutoka Moshi, mahali ambapo reli mbili zilikutana pasipo wenyewe kukubaliana.

Ya kwanza ilianzishwa Tanga mwaka 1893 na kampuni ya watu binafsi wa Ujerumani. Ilipofika Muheza mwaka 1896, ikiwa imekwenda kilomita 40 hivi, kampuni ilikuwa imeishiwa. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua, ikaisukuma hadi Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na hatimaye Moshi, kilomita 352 kutoka baharini. Ya pili ilianzia Mombasa mwaka 1896 kwa fedha ya Waingereza, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Mataifa haya mawili yalishindana katika kila jambo, ila yalichagua upana mmoja wa reli: mita 1 kati ya chuma na chuma. Hawakuchagua hivyo kwa kupendana. Upana ule ulikuwa rahisi kwa nchi ya milima na kwa mfuko mwembamba. Hata hivyo ndio uliofanya yote yaliyofuata yawezekane.

Vita vilipokuja, Waingereza walitandika reli kutoka Voi kupitia Maktau hadi Taveta. Mwezi Machi 1916 Moshi ikatekwa, na mwaka ule ule reli ya vita ikaunganishwa na ile ya Tanga pale Kahe. Basi muungano wa kwanza wa reli hizi haukuamuliwa na baraza lolote wala na mkutano wa wenye hisa. Uliamuliwa na majemadari waliotaka maji, unga na risasi vifike mbele upesi. Vita vikaisha, majemadari wakaenda zao, chuma kikabaki.

Ndipo ikatokea hali ya ajabu iliyodumu miaka mingi. Reli ya Tanga na Reli ya Kati, ile iliyotoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, ziliwekwa chini ya utawala mmoja wa Tanganyika; lakini hapakuwa na chuma kati yake. Reli ya Tanga na ile ya Kenya zilikuwa na chuma kati yake, lakini kila moja ilikuwa na bwana wake. Umoja wa kalamu ulikuwa upande mmoja, umoja wa chuma upande mwingine. Gunia la kahawa lililotoka Machame au Marangu liliweza kufika Nairobi juu ya behewa lile lile, ila halikuweza kufika Dar es Salaam kwa reli hata kama mwenyewe angelilia. Njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa mwaka 1963 tu, wakati Tanganyika ilikuwa imekwisha kujitawala.

Kwa mkulima wa mlimani hali hiyo ya ajabu haikuwa mbaya yote. Kutoka Moshi hadi Mombasa kwa njia ya Voi, na kutoka Moshi hadi Tanga, mwendo haukupitana sana. Tanga ilikuwa bandari ya matishali: meli ilitia nanga mbali, mzigo ukapelekwa kwa vyombo vidogo. Kilindini ilikuwa na gati na kina kirefu. Maadam kila reli ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe aliutamani mzigo wa Kilimanjaro, mkulima alikuwa, angalau kwa nadharia, mtu mwenye milango miwili. Wakulima hao walikwisha kuungana wao wenyewe. Chama cha kwanza cha wapanda kahawa Waafrika wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya mlimani. Itafaa kukumbuka muungano huo, maana ulikuwa wa namna nyingine.

Fikira ya kuziunganisha nchi tatu ilizungumzwa sana kati ya vita viwili vikuu. Wengi wa walowezi wa Kenya waliitaka ikiwa uongozi ungekuwa wao. Gavana Donald Cameron wa Tanganyika aliipinga. Mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ilisikiliza mashahidi jijini London, na miongoni mwa Waafrika waliosafiri kutoa maoni alikuwamo Martin Kayamba, aliyetumikia serikali huko Tanga. Kamati haikukubali muungano. Moja ya shaka za wakati ule ilihusu reli hasa: katika nauli za Kenya na Uganda mahindi ya walowezi yalisafirishwa kwa bei nafuu, na mizigo mingine, pamoja na pamba ya Uganda, ilitozwa zaidi. Mtu haitaji shahada ya uchumi kutambua maana yake. Nauli ya mzigo ni kodi isiyojadiliwa katika baraza. Anayepanga nauli anaweza kumnyang'anya mtu wa Buganda na kumpa mtu wa Trans Nzoia pasipo yeyote kati yao kuona mkono uliochukua.

Jambo lililokataliwa mwaka 1931 lilitendeka mwaka 1948. Tarehe 1 Mei mwaka ule reli za Kenya na Uganda zilichanganywa na reli za Tanganyika, pamoja na bandari, likazaliwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa liliuliza kama nchi hiyo haitamezwa. Wakulima wa Kilimanjaro hawakuulizwa. Kwa bahati, mwaka huo huo, tarehe 1 Januari, reli za Uingereza nazo zilifanywa mali ya taifa. Kampuni zilizokuwa zaidi ya 100 zilikwisha kukusanywa kuwa nne mwaka 1923, na sasa zikawa moja. Zilikuwa zama zilizoamini kwamba kikubwa ni bora.

Marekani ilikwisha kuonyesha mapema kwamba imani hiyo ina pande mbili. James J. Hill, J. P. Morgan na E. H. Harriman walipokusanya reli kubwa za kaskazini-magharibi chini ya kampuni moja mwaka 1901, serikali ilishtaki, na mwaka 1904 Mahakama Kuu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba kampuni hiyo ivunjwe. Hofu ilikuwa juu ya mkulima wa ngano aliyebaki na mlango mmoja. Reli zile zile ziliruhusiwa kuungana mwaka 1970, na mahakama haikuzuia. Kwa kuwa wakati huo barabara na malori yalikuwa yamempa mkulima milango mingine. Mwaka huo huo wa 1970 reli kubwa ya mashariki, Penn Central, iliyotokana na kuunganishwa kwa wapinzani wawili mwaka 1968, ilifilisika. Aone mwenye kuona: muungano mmoja ulikuwa dhambi na baadaye ukawa halali, mwingine ulikuwa halali na ukaangamia. Basi uzuri au ubaya haukuwa katika kuungana kwenyewe.

Wala si haki kusema kwamba muungano wa mwaka 1948 haukuleta faida. Behewa liliweza kupelekwa palipo na mavuno, hata kama mavuno yalikuwa katika nchi nyingine. Mkopo ulipatikana kwa jina kubwa kuliko jina la nchi moja. Reli za Tanganyika zilikuwa ndefu na mzigo wake ulikuwa mwepesi, na mapato ya njia nene ya Mombasa na Uganda yalizisaidia kusimama. Wakenya waliolalamika baadaye kwamba wanawabeba wenzao walikuwa na hoja, na mwandishi wa Tanzania asiyeikiri hoja hiyo hastahili kusikilizwa anapoleta yake.

Yake ni hii. Shirika moja halihitaji makao makuu matatu, wala karakana kuu tatu. Hekima ya kazi huamuru kila kitu kiwekwe pale kinapofanya kazi kwa gharama ndogo, na pale palikuwa Nairobi. Makao makuu yakawa Nairobi. Karakana kubwa, wahandisi, michoro na vipuri, Nairobi. Hakuna aliyeiba. Kila uamuzi, ukitazamwa peke yake, ulikuwa wa akili timamu. Lakini mwisho wa maamuzi mia yenye akili ni kwamba mshirika mmoja ana mwili mzima na mwingine ana miguu. Injini kubwa kuliko zote za shirika hilo, za daraja la 59, 34 kwa idadi, zilitengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ilikuwa heshima nzuri, yenye nia njema ya umoja. Zilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi. Mbili zilizohifadhiwa hadi leo ziko Nairobi, nazo zinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Shengena ni kilele cha Upare, na reli ya Tanga hupita chini ya milima hiyo ya Pare ikielekea Kahe. Mpare angeweza kupewa jina la mlima wake, na injini asiione.

Wachagga walikuwa na shirika la kale zaidi kuliko reli, nalo linafaa kulinganishwa. Mfongo ni mfereji unaochukua maji kutoka kijito cha msituni na kuyateremsha hadi vihamba vya chini. Ulichimbwa na ukoo, ukatumiwa na wengi. Na aliyeutumia alipaswa kufika siku ya kuusafisha, na asiyefika alitozwa faini au alikosa zamu yake ya maji. Katika mfongo pia yuko wa juu na yuko wa chini, na wa juu anaweza kufunga. Kinachomzuia si upendo, bali ni kwamba mfereji hupita katika macho ya watu. Kila mtu anajua zamu ya nani, tope la nani, na nani alifunga usiku. Uwezo wa mmoja juu ya mwingine haukuondolewa. Uliwekwa hadharani, ukafungwa kwa desturi. Katika shirika la reli uwezo huo huo ulifichwa ndani ya neno ufanisi, na kilichofichwa hakina desturi ya kukifunga.

Walioandika Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967, walilitambua jambo hilo nusu. Waligawa makao: Jumuiya yenyewe ikakaa Arusha, posta Kampala, bandari Dar es Salaam, reli na ndege zikabaki Nairobi. Ulikuwa ugawaji wa ofisi. Karakana haihami kwa kuhamisha ofisi. Miaka ya 1970 ilipoleta ugomvi wa siasa na wa fedha, kila nchi ilianza kuzuia mapato yaliyokusanywa katika ardhi yake, na kushuku kwamba injini na mabehewa yanavutwa upande wa jirani. Mwezi Februari 1977 shirika la ndege lilianguka, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya haikufika katikati ya mwaka.

Kwa Moshi pigo hilo halikuja peke yake. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilikwisha kuvifuta vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo, na kazi zake zikapewa mamlaka ya zao. Katika muda usiozidi miezi kumi na minne mkulima wa mlimani aliondolewa muungano aliouunda mwenyewe na ukavunjika muungano aliofanyiwa na wengine. Ule wa kwanza ulirudishwa mwaka 1984, kwa kuwa watu wake walikuwa bado wanaukumbuka na kuutaka. Ule wa pili hakuna mtu mlimani aliyeweza kuurudisha. Mlango wa Voi ulifungwa, ukabaki wa Tanga na barabara. Muuza ndizi wa Himo aliyezoea soko la Taveta aligundua kwamba Taveta, ambayo anaiona kwa macho, iko nchi ya mbali.

Kugawana mali kulichukua miaka saba. Msuluhishi alikuwa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, na mapatano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kenya ilipewa fungu la asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ilibaki na mali iliyokuwamo katika ardhi yake, na iliyopungukiwa ilistahili kulipwa fidia. Uganda ndiyo iliyopungukiwa. Kwa kazi iliyokuwa ngumu kiasi hicho, yalikuwa mapatano ya kuheshimiwa, na yalifanywa bila bunduki. Bali yatazamwe yalihesabu nini. Yalihesabu majengo, mitambo, madeni na akiba. Hayakuhesabu kwamba nchi moja ilitoka ikiwa na reli inayoweza kujitengeneza, na nyingine ilitoka ikiwa na reli inayotafuta karakana. Tanzania ilibidi ijijengee upya uwezo wa kutengeneza injini zake, na karakana ya dizeli ikawekwa Morogoro. Gharama ya kujifunza tena kuishi peke yake haikuwa na safu katika daftari.

Hapa mpinzani atasema kwamba uwezo wa kujitegemea hauna bei, na kisicho na bei hakigawanyiki. Jibu limekwisha kutolewa, na katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, ingawa hazikuingiza shilingi moja. Kabla ya hapo mume aliweza kusema: nyumba imejengwa kwa mshahara wangu, iko katika kiwanja changu, basi ni yangu. Mahakama ilikataa kwamba hoja hiyo peke yake inatosha. Haikusema kwamba jasho la jikoni ni rahisi kukadiriwa. Ilisema ugumu wa kukadiria si sababu ya kuandika sifuri. Lakini mwaka mmoja tu baadaye nchi tatu ziligawana kwa kanuni ya kiwanja. Sheria ilikuwa imekwisha kumfikia mke katika nyumba yake. Haikuwa imefika katika ukumbi wa mataifa.

Zaidi ya hapo kuna watu ambao hawakuwa nchi wala kampuni. Wafanyakazi wa Jumuiya, makarani, madereva, mafundi wa njia, walikuwa wamelitumikia shirika moja na wakajikuta wanadai kwa serikali tatu. Nchini Tanzania wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliendelea kufuata malipo yao mahakamani na maofisini hata miaka ya 2000, wakati Jumuiya mpya, yenye mkataba wa mwaka 1999, ilikuwa inajengwa Arusha. Mtu aliwahi kulipa akiba yake katika chombo kimoja, na siku ya kudai akaambiwa chombo hicho hakipo. Kama iko sehemu moja ambapo kilichoachwa kilikuwa mtaji waziwazi, ndiyo hii. Nayo ndiyo iliyochelewa kuliko zote.

Mambo ya baadaye yanaweza kupitwa haraka. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni moja kwa mkataba wa miaka 25, na mkataba ukafa mwaka 2017. Mwaka 2007 reli ya Tanzania ilikabidhiwa ubia ambao kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51, nayo pia kwa miaka 25. Mwaka 2011 serikali ilikuwa imekwisha kuichukua tena. Mwaka 2017 Tanzania iliunganisha tena aliyemiliki njia na aliyeendesha treni kuwa shirika moja. Desemba 2019 treni ya abiria, iliyokuwa imekoma kwa miaka mingi, ilirudi Moshi kutoka Dar es Salaam kwa njia ile ya Ruvu na Mnyusi, na mwaka 2020 ikafika Arusha.

Sasa kuna chuma kipya. Kenya ilifungua reli ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017; Tanzania ilianza safari za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Upana ni mmoja tena, milimita 1,435, kama ulivyokuwa mmoja zamani kwa Mjerumani na Mwingereza. Ila moja huendeshwa kwa dizeli na nyingine kwa umeme, na hazijakutana popote. Itafika siku waziri fulani atakapoweka ramani juu ya meza na kuonyesha kwa kidole jinsi zinavyoweza kukutana karibu na Taveta, kwa kuwa mlima haujahama na mpaka bado unapita pale pale. Faida atakazozitaja zitakuwa za kweli. Mtu wa Himo atakuwa na haki ya kuuliza, kabla ya taruma la kwanza kulazwa, karakana itajengwa wapi, nani atapanga nauli ya ndizi, na siku wakubwa watakapokosana, yeye atadai kwa nani.